Mota Mbili za Semboja

Semboja huuza mota kwa kilo, kama dagaa.
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, nyuma ya duka la magodoro,
amezimwaga kwenye turubai: za printa, za feni, za waipa,
nyingine hata yeye hajui zilikuwa zikizungusha nini.
"Hizi masalia," akasema. "Kiwanda kimefunga, boksi limebaki.
Mbili ni nusu kilo na ushee. Elfu nne."
Nikamwambia elfu tatu. Akatazama juu
kama anayemwomba mtu ruhusa,
akazifunga kwa gazeti.

Zinafanana mpaka kutu:
namba ile ile, meno yale yale ya gia,
volti kumi na mbili kila moja.
Kiwiliwili nilikikata kwenye mgongo wa kabati, pale mchwa walipobakiza.
Magurudumu ni vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga,
nimevivisha mpira wa kandambili.
Mbele, gurudumu la tatu ni kigololi cha roloni ya kwapa.
Harufu haijakwisha,
kikitambaa tu, chumba kinanukia
kama mtu anayechelewa harusini.
Betri tatu, za kompyuta mpakato iliyokufa.

Mwanakombo wa jirani akachungulia dirishani.
"Kitafanya nini hicho?"
"Kitakwenda."
"Kitakwenda wapi?"
Nikakaza skrubu ambayo ilikwisha kukazwa.
"Mbele," nikasema. "Kwanza mbele."

Hakikwenda mbele.
Kilikwenda kushoto. Nikakigeuza, kikaenda kushoto.
Kikauzunguka mguu wa kitanda
kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
Nikapaka grisi. Nikabadilisha nyaya.
Nikatia alama ya chaki kwenye magurudumu, nikahesabu kwa saa:
la kulia mizunguko mia na kumi kwa dakika,
la kushoto tisini na nne.
Boksi moja, kiwanda kimoja, usingizi mmoja wa stoo,
na moja imechoka
kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Siku tatu niliisukuma ile ya kushoto.
Nikaiongezea betri,
ikatoa harufu ya nywele zilizoungua.
Nikaizima, nikaipepea kwa daftari,
nikaiomba radhi. Kwa sauti. Mwanakombo alisikia.

Siku ya nne, alasiri, Baba alitaka kwenda msikitini.
Tangu kiharusi, mguu wake wa kushoto huja nyuma,
huchora mchangani mstari mrefu
kama mtu anayekokota ufito.
Ni nyumba kumi na moja tu.
Mimi nimezoea: namshika mkono, nafupisha hatua,
kwenye duka la Mhando tunasimama kidogo
tunajifanya tunasoma bei za sukari.
Siku hiyo tulisimama, tukazisoma,
na Baba alipoanza tena kutembea mimi nikabaki.
"Nini?"
"Hakuna, Baba."
Lakini vidole vyangu vilikuwa vinahesabu:
mia na kumi, toa kumi na sita.

Usiku niliiandikia ile chipu mistari miwili:
ya kushoto, ipewe yote.
Ya kulia, ipunguziwe.

Kikatoka chumbani, kikashika ukumbi,
kigae cha kwanza, cha nne, cha saba,
kikapita jiko la mkaa, kikapita ndala za wageni,
kimenyooka kama uzi wa fundi mwashi,
kikaenda kugonga mkongojo wa Baba.
Akaunyanyua taratibu, kama anayempisha mtu njiani.

"Kinachechemea," akasema.
"Hapana, Baba, tazama, kimenyooka."
"Sitazami. Nasikiliza. Mguu mmoja unamngoja mwenzake."

Nikakosa la kusema.
Halafu akataka kujua mota nilinunua kwa nani, kwa bei gani.
"Semboja. Elfu tatu."
"Amekuibia," akasema,
akauweka mkongojo kando ya ukuta
na kuniambia nikirudishe kule mwanzo, kije tena.